Mfuko wa Mbegu Usio na Mbegu

Maganga mwanangu,

Nakusalimu, ingawa asubuhi umeniamkia na jioni ukirudi kutoka Nzega utaniamkia tena. Barua ina adabu yake. Nakuandikia mchana huu nikiwa peke yangu hapa Puge. Wewe umekwenda kununua kamba na turubai la mzigo, Neema yuko kwao na mtoto wanaaga, na wanaonisumbua ni kuku tu. Nimewafukuza mara nyingi, nimechoka, nimewaachia ule unga waliokuwa wanautaka.

Sitakuandikia uchemshe maji, wala uwaamkie wazee wa huko, wala Jumapili uende kanisani. Hayo nimeyasema tangu unavaa kaptura, na kama hayajaingia mpaka leo, karatasi haitayaingiza. Nakuandikia kuhusu mbegu.

Desturi ya nyumba yetu unaijua, lakini naiandika yote ili ukimsomea Neema naye aelewe, maana kwao hawana. Mtoto wa kwetu akiondoka kwenda kuanzisha mji wake, mama humfungia mbegu ya mpunga kwenye mfuko wa kitambaa. Mfuko huo hupakiwa mwisho, juu ya mizigo yote, mbele ya watu waliokuja kuaga. Bibi yangu alifungiwa na mama yake. Mama yangu alifungiwa na bibi. Mimi nilifungiwa siku nilipotoka Ndala kuja kuolewa na marehemu baba yako, na niliupakata mfuko ule njia nzima nikakataa kuuweka chini. Mpunga tunaouita mpunga wa bibi, ule mrefu unaonukia mpaka kwa jirani ukichemka, ndio huo. Mtoto anayeondoka bila mfuko, watu hawaulizi. Wanajua amefukuzwa.

Kesho lori likija mfuko wako utapakiwa mwisho, kama inavyotakiwa. Ila ndani hamtakuwa na mbegu. Mtakuwa na barua hii.

Shangazi yako Kabula atauinua. Yeye hawezi kuona kitu kimefungwa asikipime uzito. Atanitazama, kisha atasema kwa sauti ya watu wote, "Wifi, mbegu ya mtoto iko wapi?" Nami nitamjibu kwamba mwaka huu hakuna. Zaidi ya hapo sitasema, kwa sababu maelezo yanayohitajika ni marefu na dereva wa lori hana subira. Kwa hiyo utaondoka na aibu yangu mbele ya watu, na utaisoma sababu yake ukiwa njiani. Naomba usiisome kwa hasira. Kama una hasira, subiri mpaka Sikonge, mtakaposimama kula.

Nianze na mkono wangu.

Mimi nilifundishwa palizi na mama yangu nikiwa mdogo kiasi kwamba maji ya jaruba, shamba letu la mpunga, yalinifika magotini. Alikuwa ananiambia, "Yaache yashikike kwanza." Maana yake gugu likiwa changa ukilivuta linakatikia kwenye vidole, mzizi unabaki, na kesho kutwa limerudi. Likikua kidogo unalishika vizuri, unalivuta lote, unalitupa kwenye tuta likauke. Na mpunga pori ndio kabisa. Ukiwa mchanga hauna tofauti na mpunga wenyewe. Ukiharakisha utang'oa mtoto wako umwache mtoto wa jirani. Unasubiri mpaka urefuke, ubadilike rangi kidogo, jicho liutambue. Nilisubiri hivyo maisha yangu yote na sikukosea. Watu walikuwa wanakuja kunichukua niwaonyeshe mpunga pori katika majaruba yao, na mimi nilikuwa nakwenda, na nilikuwa najisikia. Nakwambia ukweli, nilikuwa najisikia sana.

Kisha ikaja mbegu ngumu. Ndivyo tulivyoiita sisi wenyewe hapa kijijini, kwa sababu unapuliza dawa shamba zima, magugu yanakufa na yenyewe inabaki imesimama. Bibi shamba alipokuja kutueleza alikuwa msichana ambaye nadhani mmelingana umri. Alivaa mabuti mapya. Aliniamkia vizuri, nikaitikia marahaba, kisha akasema maneno ambayo leo ninaweza kukuandikia kama yalivyotoka kinywani mwake.

"Mama, magugu yakiwa na majani mawili matatu tu, puliza. Udongo uwe na unyevu. Baada ya hapo ingiza maji. Usiyangoje yakue. Na yatakayobaki hai, ng'oa kabla hayajachanua. Na mbegu hii usiitunze ya kupanda tena, na usiipande jaruba hilo hilo mwaka hadi mwaka."

Mimi nikamuuliza, "Mwanangu, wewe umewahi kupalilia mpunga?"

Akacheka kwa heshima. Akasema hajawahi sana.

Wanawake wote tukacheka. Na hapo ndipo nilipoacha kumsikiliza, Maganga. Sikuacha kwa sababu alisema uongo, maana sikujua kama ni uongo au kweli. Niliacha kwa sababu ya yale mabuti.

Wewe ulimsikiliza. Hilo nalikumbuka na sijalisahau hata siku moja, ingawa hatujalizungumza. Ulikwenda jaruba la chini, tulikopanda mbegu ngumu, ukachuchumaa, ukaangalia. Ukarudi, ukachukua bomba la dawa, ukalijaza, ukalivaa mgongoni. Nilikuwa napepeta mchele pale mlangoni.

"Mama, yametoka. Nipulize leo?"

"Yana ukubwa gani?"

"Madogo. Majani mawili, mengine matatu."

"Hebu yaache yashikike kwanza."

"Mama, hii si ya kushika. Hii ni dawa."

Nikakwambia yaache yatoke yote, ili dawa tunayoimwaga iyamalize kwa mara moja, kuliko kupiga haya ya leo na kesho yatoke mengine. Ilisikika kama akili. Mpaka leo nikiisema naona inasikika kama akili. Ukanitazama, ukalivua bomba, ukaliweka kwenye kivuli cha ghala likiwa limejaa. Hukubishana. Baba yako angekuwepo angebishana, na pengine tungepona.

Tulipopuliza, magugu yalikuwa yamefika pale ambapo mkono wangu unapenda. Mengi yalikauka. Ndago zililala chini, nikafurahi, nikakwambia unaona. Lakini mpunga pori uliokwisha kukomaa shina ulinyauka ncha tu, ukakaa kama mgonjwa, kisha ukainuka. Haukuwa mwingi. Ulikuwa hapa mmoja, pale miwili. Kwa mkono wangu wa zamani ningeumaliza kwa asubuhi moja. Lakini nilikuwa nimeambiwa dawa inamaliza palizi, na mimi, ambaye sikumsikiliza bibi shamba kwa jambo la maana, nilimsikiliza kwa hilo. Nilipumzika. Nikaenda kwenye harusi Igunga, nikakaa kwa dada yangu, nikarudi mpunga umechanua na mpunga pori umechanua katikati yake.

Bibi shamba alikuja tena. Alisimama kwenye tuta, hakucheka wala hakunisuta. Alinieleza kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mpunga na mpunga pori ni ndugu, alisema. Vikichanua pamoja vinapeana unga wa maua, na watoto watakaozaliwa wengine watakuwa na umbo la pori na ugumu wa mbegu yetu. Dawa itawapitia kama mvua. Na huwezi kuwajua kwa macho, mama, hata wewe.

Lile "hata wewe" lilikuwa la heshima. Lilinikaa rohoni kuliko tusi.

Unajua yaliyofuata kwa sababu ulikuwepo. Aliniambia nisitunze mbegu ile. Nikaitunza. Katika nyumba yetu mwanamke hanunui mbegu ya mpunga. Anatunza. Nilianika, nikapepeta, nikaweka juu ya dari pale moshi unapopita, kando ya mpunga wa bibi, kama nilivyofundishwa. Niliona ni uzembe kuila yote. Msimu uliofuata wewe ulipuliza mapema, hukuniuliza, na ulifanya sawa. Majani mawili matatu, udongo una unyevu, maji yakaingia. Magugu yote yakageuka manjano. Ukaniita nije nione. Tukasimama kwenye tuta, na katikati ya ile manjano kulikuwa na vichwa vya kijani vimesimama vizuri, na wala havikuwa katika mstari wa mpunga.

Mimi ndiye niliyesema, "Labda dawa haikuvifika." Ulijua, nami nilijua.

Tangu hapo imekuwa kazi ya kukimbizana. Tuling'oa kwa mkono, lakini mpunga pori hupukutisha punje zake kabla hujashika mundu, na punje zinalala kwenye tope zikisubiri mwaka zinaoutaka. Ng'ombe wakazibeba kwenye kwato wakati wa kuvuruga tope kabla ya kupanda. Sisi tukazibeba kwenye miguu. Tukapuria mpunga wote kwenye uwanja mmoja, kama tunavyofanya siku zote, wa jaruba la chini na wa jaruba la juu. Na jaruba la juu ndilo la mpunga wa bibi. Mwaka huu ulipojaribu dawa pembeni mwa jaruba la juu, pale ulipopita bomba, mpunga wa bibi ulikufa kama ilivyotarajiwa, kwa sababu hauna ugumu. Mpunga pori uliokuwa kando yake haukufa.

Sitaki uniambie tulifanya kosa pamoja. Umeshaniambia hivyo, pale mashineni, siku mchele wetu ulipotoka na punje nyekundu za mpunga pori na mwenye mashine akauliza kama tumechanganya na mtama. Ulisema, "Tulikosea, Mama." Nilinyamaza kwa sababu nilipenda ulivyosema "tulikosea". Lakini wewe bomba lilikuwa mgongoni, mimi ndiye niliyekuzuia.

Sasa nije kwenye yale ambayo huyajui.

Wiki hii yote ulipokuwa unapanga mizigo nilikuwa nafanya kazi ya kijinga. Nimeushusha mpunga wa bibi kutoka darini. Kila siku nachukua kiganja kimoja, nakaa pale mlangoni, namenya punje kwa kucha, moja moja, naziweka kwenye sahani nyeupe. Nilikuwa natafuta kiganja kimoja tu kisicho na nyekundu. Nilijiambia nikipata kiganja kimoja safi nitakufungia hicho, uanze nacho kidogo kidogo kama bibi zetu. Nimemenya mpaka kucha ya dole gumba imepasuka. Sikupata. Na hata ningepata, weupe wa leo haunihakikishii kitu, kwa sababu kilichochanganyika kwenye ua hakionekani kwenye punje hiyo. Kinaonekana mwaka unaofuata, ikishapandwa. Hilo nalo bibi shamba aliniambia, na safari hii nilikuwa namsikiliza.

Nilifikiri pia kununua mbegu ya dukani Nzega, niitie kwenye mfuko, nifunge. Shangazi yako angeuinua angeona uzito, watu wangepiga vigelegele, wewe ungeondoka kifua mbele. Ni jambo la nusu saa. Nilishika hata kanga yangu niende kituoni. Kisha nikaona kwamba ungeipanda ile mbegu ukiamini ni ya bibi, ungemwambia mwanao hii ni ya bibi, naye angemwambia mwanawe. Nikarudisha kanga kwenye msumari.

Na shamba lako jipya, mwanangu. Ulivyonieleza bonde lile la kule Katavi ulikuwa umeshika udongo wa jaruba letu mkononi unanionyesha. Mweusi kama huu, ulisema, ila haujawahi kulimwa mpunga. Haujawahi. Neno hilo nimekaa nalo. Maana yake kule hakuna punje hata moja ya mpunga pori inayosubiri chini ya tope. Hapa kwetu hakuna mtu aliye hai anayekumbuka bonde likiwa hivyo. Wewe utakuwa na kitu ambacho mimi sijawahi kuwa nacho, wala mama yangu. Nikikupa mbegu yangu nitakuwa nimekunyang'anya kitu hicho kwa mkono huo huo ninaokupungia.

Umeshasikia mara nyingi jinsi mpunga ulivyofika kwetu. Babu wa bibi yangu alikuwa mpagazi katika misafara, alibeba mizigo ya watu wengine kwenda pwani na kurudi Tabora, na safari moja alirudi na mpunga umefungwa kwenye pembe ya shuka. Akampa mkewe. Tunaisimulia kwenye kila harusi, na shangazi yako ataisimulia kesho kama ilivyo kawaida yake, atamwongezea babu simba mmoja njiani. Lakini mchana huu nimejiuliza jambo ambalo sijawahi kusikia mtu akiliuliza. Mpunga pori je, uliletwa na nani? Kwenye hadithi zetu hakuna aliyeuleta. Umekuwepo tu. Mimi nadhani ulikuja kwenye shuka lile lile. Punje chache, nyekundu ndani, zimelala na nyeupe. Yule mzee alitembea nazo miezi na miezi, akavuka nazo mito, akamkabidhi mkewe kwa furaha. Simlaumu, hakujua alichobeba.

Lori lenu kesho litashika njia hiyo hiyo ya Tabora, halafu litakunja kwenda Sikonge. Wewe huwezi kusema hukujua, kwa sababu nimekuandikia.

Kuna jambo la Neema. Nisipoliandika utaona nimelikwepa.

Najua watu wanasema mnaondoka kwa sababu ya mimi na yeye. Ni kweli kwa sehemu. Majaruba hayatoshi vyungu viwili, hilo ni la kwanza, na limetokana na mpunga pori. Lakini la pili ni ule mchuzi. Neema alipokuja hapa, niligundua kwamba nikishaipua chungu anaingia jikoni nyuma yangu na kuongeza maji kwenye mchuzi wangu. Niliona siku ya kwanza. Lilikuwa jambo dogo, ningeweza kumuuliza pale pale, "Mwanangu, mbona unaongeza maji?" Sikuuliza. Niliona nikiuliza jambo dogo namna ile nitaonekana mama mkwe wa hadithi. Nikaliacha. Nikalitazama likikua. Kila siku akiongeza maji mimi naongeza neno moja moyoni. Mpaka siku ya mavuno, mbele ya wanawake wa jumuiya, nikasema lote kwa pamoja, na unakumbuka nilivyosema. Alilia mbele ya watu. Kisha akajibu, kwa sauti ndogo, "Mama, chumvi. Siku hizi unatia chumvi mara mbili. Sikutaka kukuaibisha."

Na ni kweli. Ulimi wangu umezeeka, chumvi siioni. Wewe mwenyewe ulikuwa unakula na kunywa maji mengi na kunyamaza.

Nilimwomba msamaha, akanisamehe, lakini hakurudi kukaa jikoni na mimi kama mwanzo. Anapita tu. Mzizi ulishashika. Sikuambii ufanye nini na mkeo kule mtakapokuwa wawili tu na mtoto. Nakwambia tu kwamba nilikuwa na mkono mzuri sana wa kung'oa mambo makubwa, na mkono huo ndio ulioniponza. Jambo likiwa la majani mawili linaonekana la kipuuzi, na mtu anaona haya kulishughulikia.

Utauliza kama nimekasirika kwamba unaondoka. Nimekasirika. Siku uliponiambia nilikwenda kulala bila kula, na wewe ulidhani ni tumbo. Sikutaka uende. Mpaka sasa ninapoandika sitaki uende. Inaniuma kuona kitanda chenu kimefunguliwa na kufungwa kamba. Kuna wakati wiki hii nimesema kimoyomoyo lori liharibike. Lakini usije ukachanganya hilo na mfuko. Shangazi yako ataona mfuko mtupu atadhani ni hasira. Fikiri vizuri, Maganga. Ningekuwa nimekukasirikia kwa namna anayodhani yeye, ningekupa gunia zima.

Kwa hiyo kule nunua mbegu. Usione haya. Nunua kwa mtu anayeweza kukuonyesha shamba ilikotoka, na hata hiyo imenye kabla hujaimwaga. Ukiletewa mbegu ngumu na wewe ukaona inakufaa, ichukue, mimi siikatazi. Haikuwa na kosa. Ila utakapoipanda, amka ukaangalie kabla hujaona sababu ya kuangalia. Ukiwa umechuchumaa na magugu ni madogo kiasi cha kukufanya ujione mjinga umebeba bomba kwa ajili yake, hapo ndipo. Na lile linalobaki hai, hata likiwa moja, hata kama umealikwa harusi, ling'oe kwanza. Na mavuno ya mbegu hiyo kula yote.

Mimi nimeanza jambo langu. Nyuma ya jiko, pale ninapomwaga maji ya kuoshea vyombo, umeona nimezungushia miiba ukadhani ni mchicha. Nimepanda mpunga wa bibi humo, punje chache, kila punje mbali na mwenzake ili niweze kuzunguka. Nauangalia kila asubuhi. Chochote kinachonitia shaka nang'oa, hata kama ni mpunga mwenyewe. Nimeshang'oa mingi iliyokuwa haina hatia, nadhani. Mwaka ujao nitapanda mbegu ya itakayobaki, na mwaka utakaofuata tena, na kila mwaka nitamenya juu ya sahani. Bibi shamba amekuja kuona. Mabuti yake sasa yamechakaa. Anasema inawezekana, ila ni kazi ya mtu asiye na haraka. Nikamwambia nina kila kitu isipokuwa muda, akacheka, na safari hii tulicheka wote wawili.

Mfuko nimeushona kwa kanga niliyokuwa nimekubebea mgongoni ulipokuwa mtoto. Nimeshona mara mbili, mshono hautaachia. Usiutie sukari, usiutie chumvi, Neema asiutie nguo za mtoto. Utundike darini kwako, pale moshi unapopita, uwe mtupu hivyo hivyo, na mtu akikuuliza ni wa nini mwambie unasubiri.

Siku utakaporudi kututembelea, njoo nao. Kama nipo, nitakuletea sahani na kiganja cha mpunga, tutakaa pale mlangoni tumenye pamoja, na macho yako ndiyo tutakayoyaamini. Kama sipo, sahani iko kwenye kabati na mpunga uko kwenye kibuyu kidogo juu ya dari, si kile kikubwa. Menya mwenyewe. Watu watakuwa wamejaa uwanjani, watakuwa wanalia, na shangazi yako atasema jaza mfuko mwanangu, hii ni mbegu ya mama yako. Wewe menya. Ukiona nyekundu hata moja, usinionee huruma. Funga mfuko mtupu, uondoke nao.

Mama yako.